Pombe Iliyongoja Miaka Ishirini

Ndugu msikilizaji, leo naomba tuzungumzie pombe. Wale wasiotumia wasizime redio, kwa maana sikukusudia kumshawishi mtu yeyote anywe. Ninachotaka kukieleza ni historia ya kitu kimoja ambacho hatukitilii maanani tunapotaja pombe, nacho ni muda ambao pombe inaweza kukaa kabla haijaharibika, na jinsi muda huo ulivyoamua nani anywe, nani auze, na nani apate hasara.

Ilikuwa Desemba 2024. Shemeji yangu, ambaye ameishi Uingereza miaka mingi, alikuja kututembelea hapa Iyunga. Baada ya chakula cha jioni alifungua begi lake, akachomoa soksi ya sufu, na ndani ya soksi ikatoka chupa ndogo ya bia. Karatasi yake ilikuwa imeanza kufifia, lakini tarakimu zilisomeka: 2004. Mwaka huo mimi nilikuwa kijana ambaye ndiyo kwanza nimeshika kinasa sauti. Kumbe wakati mimi nahangaika kutafuta habari, bia hii ilikuwa tayari imefungwa kizibo, imetulia gizani, inangoja.

Waingereza bia ya namna hii huiita mvinyo wa shayiri. Haina zabibu hata moja ndani yake. Ni bia kamili, imepikwa kwa kimea cha shayiri, maji, hopsi na chachu kama bia nyingine yoyote, ila kimea kimewekwa kwa wingi sana hata ukali wake unakaribia ule wa mvinyo. Bia yetu ya Kilimanjaro ina kileo cha asilimia 4.5, na Safari asilimia 5.5. Hii ya shemeji ilikuwa inakaribia asilimia 12. Ndiyo maana chupa ilikuwa ndogo, na ndiyo maana mke wangu alileta vile vigilasi vya wageni ambavyo kwa kawaida havitoki kabatini.

Tulikaa watu wanne. Alikuwapo shemeji, nilikuwapo mimi, alikuwapo mzee mmoja jirani yetu ambaye amestaafu baada ya kufanya kazi kwenye viwanda vya bia, na alikuwapo mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini alipika komoni na kuiuza hapa hapa Iyunga. Nilimkaribisha kwa heshima tu. Sikujua kwamba yeye ndiye atakayekuwa mwalimu wetu jioni ile.

Shemeji alimimina polepole. Povu halikuja, isipokuwa utando mwembamba pembeni mwa gilasi, nao ukatoweka. Rangi ilikuwa kama ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Harufu yake ilinishangaza. Nilitegemea harufu ya bia, nikakutana na zabibu kavu, sukari guru, tende, na kwa mbali kitu kama ngozi ya mkoba wa zamani. Kinywani ilikuwa nzito, tamu mwanzoni, kisha uchungu ukaja taratibu, kisha moto kidogo kifuani. Mzee mstaafu alifumba macho, akasema kuwa kiwandani harufu ile ya zabibu kavu ingemfanya mtu aitwe ofisini, maana kwenye bia ya kawaida ni dalili ya kuwa hewa imeingia na bia imezeeka. Hapa harufu ile ile ndiyo sifa.

Mama mkubwa alionja mara mbili. Mara ya kwanza hakusema kitu. Mara ya pili alisema, "Kimea chao kizuri. Wamechemsha sana." Kisha akaigeuza chupa, akaomba asomewe mwaka, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Mwanangu, sasa miaka yote hiyo walikuwa wanamngoja nani?"

Tulicheka, lakini swali lile halikuniacha. Kwa mpishi wa pombe wa Mbeya au Iringa, pombe iliyokaa siku tatu bila kunywewa ina maana kwamba kuna jambo limeharibika: kuna msiba, kuna ugomvi, au kuna askari. Pombe hupikwa kwa sababu watu wanakuja. Sasa watu gani hawa walioipika pombe nzuri namna hii, kisha wakaificha?

Jibu lake liko katika historia ya Uingereza. Zamani, nyumba za mabwana wenye mashamba zilikuwa na vyumba vyao vya kupikia bia, na bia kali kuliko zote ilipikwa mwezi wa Oktoba, baada ya mavuno na kabla ya baridi kuu. Ilikuwapo desturi kwamba mtoto wa kiume akizaliwa, pipa la bia kali linapikwa na kufungwa, lisiguswe mpaka mtoto huyo atimize miaka 21. Kwa hiyo walikuwa wanamngoja mtu kweli, mama mkubwa hakukosea. Mwaka 1852 kampuni ya Allsopp ya mji wa Burton ilipika bia kali sana kwa ajili ya meli za Sir Edward Belcher, aliyetumwa kwenye barafu za kaskazini ya dunia kumtafuta Sir John Franklin aliyepotea huko na mabaharia wake. Bia hiyo ilipaswa ikae muda mrefu safarini na isigande upesi.

Na hii chupa ya shemeji nayo ina kisa chake. Thomas Hardy, yule mwandishi wa riwaya, alifariki mwaka 1928. Katika riwaya yake The Trumpet-Major ya mwaka 1880 aliisifu bia kali ya mji wa Dorchester. Mwaka 1968, ilipotimia miaka 40 tangu kifo chake, kiwanda cha Eldridge Pope cha mji huo huo kilipika bia ya kumkumbuka, kikaipa jina lake, kikaandika mwaka kwenye chupa na kueleza kwamba ikitunzwa vizuri itakaa miaka 25. Kikaendelea hivyo hadi mwaka 1999 kilipoacha. Kiwanda kingine kidogo cha Devon, O'Hanlon's, kiliifufua kuanzia mwaka 2003 hadi 2008. Chupa yetu ilitoka katika kipindi hicho.

Sasa ni nini kinachoiwezesha bia kukaa hivyo? Kwanza ni hopsi, maua ya mmea utambaao ambao uchungu wake huzuia vijidudu. Mtawa mmoja wa Kijerumani, Hildegard wa Bingen, aliliandika jambo hilo tangu karne ya 12. Pili ni kule kuchemsha: maji ya kimea huchemshwa kabla ya kutiwa chachu, kisha hayarudishiwi kitu kibichi. Tatu ni ukali wenyewe, maana kileo kingi hakiwapi vijidudu nafasi ya kuishi. Nne ni chombo kisichopitisha hewa. Ukiondoa mambo hayo manne, bia inakuwa kama maziwa.

Komoni haina hata moja kati ya hayo, na haikusudiwi kuwa nayo. Mama mkubwa alitueleza anavyopika, nami naandika kama alivyosema. Unga wa mahindi unalowekwa mpaka uchachuke, kisha unakaangwa juu ya bati kwa moto wa kuni, unageuzwa kwa koleo mpaka unuke vizuri. Hapo unarudishwa majini, na unatiwa kimea cha ulezi: ulezi ulioloweshwa, ukaoteshwa, ukaanikwa, ukasagwa. Kimea hicho hakichemshwi, kwani ukikichemsha umekiua. Pombe inaanza kuchemka yenyewe ndani ya pipa bila moto, na mnywaji huinywa ikiwa bado inachemka. Leo ni tamu, kesho ina nguvu, keshokutwa ni siki. Mpishi anayejua kazi yake anahesabu nyuma: kama wateja wanakuja Jumamosi, ulezi unaloweshwa siku fulani, unga unakaangwa siku fulani. Kalenda yote iko kichwani.

Kule Iringa ulanzi nao ni hivyo hivyo, tena hauhitaji hata kupikwa. Wakati wa mvua, chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, maji yake yakadondokea ndani ya mbeta, na mgemaji hurudi asubuhi na jioni kukata tena. Ule mtamu wa mwanzo huitwa mtogwa, na mtoto anapewa. Ukikaa unakuwa mkangafu, na hapo hata mtu mzima aketi chini kwanza. Safari yote hiyo, kutoka kinywaji cha mtoto hadi kinywaji cha kumwangusha baba yake, haichukui muda mrefu.

Kimpumu cha Rungwe kinataka maelezo ya peke yake. Bibi yangu alikuwa anakipika kwa ulezi. Kile kitokacho kwenye chungu si maji bali ni machicha mazito yaliyochacha. Watu wanapoketi, chungu kinawekwa katikati, maji ya moto yanamiminwa juu, na kila mtu anatia mrija wake. Maji yakipungua birika linapita tena. Nguvu iko ndani ya machicha, nayo hutoka kidogo kidogo mpaka mchana unakwisha. Kwenye mihuri ya kale iliyofukuliwa Iraq, kuna picha za watu waliokaa hivyo hivyo, na mirija mirefu imeingia kwenye chungu kimoja. Na katika kaburi la malkia Puabi huko Ur, la yapata miaka 4,500 iliyopita, mrija wenyewe ulipatikana. Nilipomsimulia mama mkubwa habari hizi aliuliza kama nao walikuwa wanatumia maji ya moto. Hilo sikuweza kumjibu.

Wanyakyusa wana neno, ukwangala, yaani kufurahia kukaa pamoja na wenzako, mkazungumza, mkala, mkanywa. Godfrey na Monica Wilson, wataalamu wa mila waliokaa Rungwe katika miaka ya 1930, waliliona neno hilo kuwa ni ufunguo wa maisha ya huko, na Monica Wilson alipotoa kitabu chake mwaka 1951 alikipa jina linalotokana na wazo hilo hilo. Sasa fikiria, ndugu msikilizaji. Mtu aliyevuna ulezi mwingi angeweza kuuweka ghalani. Lakini akishaugeuza kuwa pombe, hana namna ya kuuficha. Lazima awaite majirani, la sivyo atamwaga. Tabia ile ya pombe ya kuharibika upesi ndiyo iliyomfanya mwenye nacho agawane na asiye nacho. Wale mabwana wa Uingereza waliweza kumwekea mtoto mmoja pipa zima kwa miaka 21 kwa sababu pombe yao ilikubali kufungiwa.

Hata hivyo nisiipambe mno hali hiyo, kwa maana mji ulipokuja mambo yalibadilika. Katika miaka ya 1930 watu walimiminika Chunya kutafuta dhahabu ya Lupa. Baadaye ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Mama mkubwa alianza kupika wakati huo, msichana wa miaka ishirini hivi, akiwauzia vibarua wa reli. Hapo pombe haikuwa tena ya kuita majirani. Ilikuwa ya kuuzwa kwa kopo, na mnunuzi alikuwa mtu usiyemjua jina. Lakini kule kuharibika kwake hakukubadilika, na sasa hasara yote ilimwangukia mpishi peke yake.

Mama yangu alifuata nyayo za dada yake. Ada yangu ya sekondari ilitoka katika pipa. Siku moja katikati ya miaka ya 90, nikiwa kidato cha pili, mama alikuwa amepika mapipa mawili kwa ajili ya mwisho wa mwezi, siku ambayo watu wana mishahara. Mahindi alikopa, kuni alikopa. Ijumaa jioni likapita gari lenye kipaza sauti likitangaza kwamba kipindupindu kimeingia na vilabu vyote vya pombe za kienyeji vifungwe mara moja. Sisemi kwamba tangazo lilikuwa baya. Watu walikuwa wanakufa. Nasema tu kwamba baa za bia za chupa ziliendelea, maana bia ya chupa haikuwa na tatizo, na hata kama zingefungwa wiki mbili, kreti zingekaa zilipo zikingoja. Mapipa ya mama hayakuweza kungoja. Jumapili yalikuwa siki. Jumatatu mfuga nguruwe mmoja aliyachukua kwa bei ambayo mama hakutaka kututajia. Nilirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, nikakaa wiki tatu.

Hiyo bia ya chupa nayo ina historia yake. Kiwanda cha Tanganyika Breweries kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933, na mwaka 1936 kikaungana na kile cha Kenya kuwa East African Breweries. Wakati huo Mwafrika hakuruhusiwa kunywa bia ya Kizungu. Sheria ilimwachia pombe ya kienyeji, nayo kwa masharti. Kizuizi hicho kilikuja kulegezwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Ndiyo maana kwa wazee wetu wengi chupa ilikuwa na heshima kuliko kilichomo ndani yake. Uhuru ukaja, Azimio la Arusha likaja mwaka 1967, serikali ikaingia katika umiliki wa kiwanda. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ikaendelea kuzipangia pombe za kienyeji leseni na saa zake. Miaka ya 80 wote tunaikumbuka: bia ya mgao, kreti kwa kibali, na harusi inaahirishwa kwa sababu kibali hakijatoka. Mwaka 1993 nusu ya hisa za kiwanda ziliuzwa kwa kampuni ya bia ya Afrika Kusini, na bia ikajaa.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 kiwanda kikajengwa hapa hapa Iyunga. Vijana walipata ajira, na malori yakaongezeka barabarani. Mama mkubwa alikuwa na wateja waliofanya kazi mle ndani, wakipita kwake jioni kunywa komoni kabla ya kwenda nyumbani. Nilimuuliza mzee mstaafu kama ni kweli. Akasema, "Mimi mwenyewe nilikuwamo. Kule unatengeneza, kwake unakunywa."

Mzee huyo ndiye aliyetueleza kwamba bia ya kiwandani, baada ya kutiwa chupani, hupashwa moto ili chachu na vijidudu vyote vife. Ndipo inapigwa muhuri wa tarehe ya mwisho, miezi kadhaa mbele. Ndani ya chupa hakuna kitu kinachoishi tena, na kuanzia hapo bia haiwezi kuwa bora, inaweza tu kuwa mbaya taratibu. Bia ya shemeji ilifungwa na chachu yake ikiwa hai, nayo iliendelea kufanya kazi polepole gizani. "Kwa hiyo," akasema mzee, "hii na komoni ni ndugu. Zote mbili ni hai. Hii yetu ya kati ndiyo maiti iliyopakwa dawa." Mimi sikubaliani naye moja kwa moja, maana baada ya kazi siku ya joto hiyo maiti inanipendeza sana. Lakini mtu aliyeipika kwa mikono yake ana haki ya kuisema anavyotaka.

Kilichonisumbua zaidi ni karatasi ya chupa. Imeandikwa mwaka, imeandikwa jina la mwandishi aliyekufa mwaka 1928, imeandikwa mahali ilipopikwa. Kiwanda cha kwanza kiliacha, mwingine akaweza kuipika tena kwa sababu iliandikwa. Mama yangu alipika kwa muda wa karibu miaka ishirini, akafariki, na hakuna kopo lake hata moja ninaloweza kumwonjesha mwanangu. Watu wa Iyunga wenye umri wangu wanakumbuka kwamba komoni yake ilikuwa na ladha ambayo ya mama mkubwa haina. Mama mkubwa mwenyewe anakiri. Anasema mdogo wake alikuwa anachanganya kitu kwenye kimea, au alikuwa anakaanga zaidi, hana hakika. Hawakuulizana, kwa sababu walikuwa wanashindana kwa wateja wale wale.

Jioni ile nililetewa kinasa sauti changu kutoka chumbani. Nimehoji mawaziri na wachezaji mpira, lakini sikuwahi kumhoji mama mkubwa. Alianza na ulezi: mweusi au mwekundu, siku ngapi kwenye maji, namna ya kuufunika majani ya mgomba ili uote sawasawa, na jinsi ya kujua kwa kutafuna punje kwamba utamu umeshaingia na uanikwe. Alizungumza kwa dakika arobaini. Katikati aliomba amiminiwe ile iliyobaki kwenye chupa, akainywa, akasema, "Ndaga fijo, shemeji." Chupa tupu akaichukua, akasema itafaa kwa mafuta ya taa.

Nilipomuuliza kipimo cha kimea kwa pipa moja alisita. Alinyoosha viganja vyote viwili, akavikutanisha, akavitazama. Akasema hajawahi kupima kwa kitu kingine, na viganja vyangu ni vikubwa mno, vitaharibu. Ni lazima nije nitazame. Ulezi anao, atauloweka Jumapili.

"Njoo Jumamosi inayofuata," alisema, "uje na hicho kidude chako. Usije ukaniambia Jumatatu, utakuta imekwisha."